Mamake Hakumkataa

Kuna maneno mawili nimeyasikia Likoni, nimeyasikia Kisauni, nimeyasikia Changamwe, kwa watu wasiojuana kabisa, na kila nikiyasikia hasira hunipanda: "Mamake kamkataa." Husemwa pale kinda wa njiwa anapookotwa chini ya banda, bawa limepinda, au utosi umedonolewa mpaka ngozi imetoka, na sisimizi washaanza kumzunguka. Yakishasemwa, kesi imefungwa. Hakuna wa kuuliza ameangukaje, alikula lini mara ya mwisho, banda lina njiwa wangapi, dume yuko wapi. Mama kakataa, sisi ni nani? Kinda anaachwa pale pale, na kama si paka wa jirani basi ni kunguru.

Mimi nafuga njiwa Mtongwe, na nasema bila kuzunguka: njiwa wa banda akiacha kinda wake, mara nyingi mkosaji ni mwenye banda. Na hata siku ambayo hakukosa, deni la yule kinda ni lake, si la njiwa.

Tuanze na yale ambayo mtu angepaswa kuyajua kabla ya kununua jozi ya kwanza. Njiwa hutaga mayai mawili, huyaatamia siku 17 hadi 19, tena kwa zamu. Jike hulala nayo usiku, na jua likishapanda dume huingia akakaa mpaka alasiri. Makinda huanguliwa vipofu, wana vinyweleo vya manjano tu, na hawawezi kujitunzia joto. Siku za mwanzo hawali nafaka hata punje. Hula kile kiitwacho maziwa ya njiwa, ambayo si maziwa kama ya ng'ombe. Ule mfuko wa chakula ulioko chini ya shingo, ukuta wake wa ndani huvimba, humenyeka, ukawa kitu kama jibini laini chenye mafuta na protini. Homoni inayoendesha kazi hiyo ni prolaktini, ile ile inayomletea mwanamke maziwa kifuani. Kwa chakula hicho kinda huongeza uzito maradufu ndani ya siku mbili hivi.

Sasa sikilizeni. Maziwa hayo hutolewa na jike na dume. Wote wawili. Tena makinda wakifika wiki mbili au tatu, jike huwa anajiandaa kutaga tena, na kazi ya kuwalisha wale wa kwanza humwangukia zaidi baba.

Mbona basi sijawahi kusikia mtu akisema "babake kamkataa"? Hata siku moja. Dume anaweza kuwa ameuzwa Jumamosi (na pengine Jumapili akarudi mwenyewe, maana njiwa hajui risiti), anaweza kuwa ameliwa na paka, anaweza kuwa yuko juu ya paa anazunguka jike la mtu mwingine, na bado lawama itamfuata yule aliyebaki kwenye kiota. Lugha hii hatukuitoa kwa njiwa. Tumeitoa majumbani mwetu, kwenye vile vyumba vya kupanga ambako mtoto akipatikana ana njaa swali la kwanza ni mamake yuko wapi, na baba aliyekwenda kutafuta kazi miaka minne iliyopita hatajwi hata kwa jina. Tumewapachika ndege kesi zetu. Nao hawawezi kujibu.

Kuna sababu za kinda kuachwa, na ukizitazama moja moja utaona mkono wa nani umo ndani. Kubwa ni baridi. Mvua za Mei zinanyesha, bati la banda limetoboka, kiota kimelowa au kinda amebiringika akatoka nje ya chombo. Kinda aliyepoa hana nguvu ya kuinua kichwa na kuomba. Mzazi hulisha mdomo unaomwomba. Usipoomba, kwake yule si mtoto mwenye njaa, ni kitu kilichonyamaza. Mpashe joto kinda huyo huyo, umrudishe kiotani akiwa hai na anatikisa mabawa, na mara nyingi utawaona wale wale "waliomkataa" wakimlisha.

Sababu ya pili ni msongamano, na hapa nazungumzia mabanda ninayoyajua, yale ya mbao za makasha na mabati chakavu, yaliyopigiliwa ukutani juu ya karo. Kinda akianza kutambaa huingia kwenye eneo la jozi ya jirani, na njiwa hulinda eneo lake bila huruma. Hudonoa utosi. Yale majeraha ya kichwani ambayo watu huyaona wakasema "mamake kamdonoa, hamtaki" mara nyingi si ya mama hata kidogo. Ni ya jirani, na jirani huyo aliwekwa pale na mtu aliyetaka jozi kumi kwenye nafasi ya jozi nne.

Halafu kuna utitiri, unaowatesa wazazi usiku mpaka wanakimbia kiota. Kuna ule ugonjwa wa koo unaoweka ukoga wa manjano mdomoni, ambao mzazi humwambukiza kinda kwa maziwa yenyewe. Yote haya yana dawa kwenye agroveti, kwa mtu atakayekwenda kuuliza.

Na kuna ile hekima ya vibarazani: usimguse, ukimgusa mamake atasikia harufu ya mtu atamkataa. Uongo, tena uongo unaoua. Duniani kote wafugaji wa njiwa wa mashindano huwavisha makinda pete mguuni wakiwa na umri wa wiki moja hivi. Wanawatoa kiotani, wanawashika, wanawasukumia pete kwenye vidole, wanawarudisha. Hao makinda hulishwa jioni ile ile kama kawaida. Kama harufu ya mkono ingekuwa talaka, mchezo huo ungekufa zamani. Lakini maneno haya yamekaa vizuri sana kwa mtu asiyetaka kuinama, maana yanamfanya anayeokoa aonekane ndiye muuaji.

Mtoto mmoja wa mtaani, wa gredi ya nne, aliniletea kinda ndani ya sweta la shule. "Ami, huyu yuwafa?" Alikuwa na siku kama nane, bawa moja linaburura, baridi kama chupa ya soda. Nikamuuliza kamtoa wapi. Akasema mwenye banda kamwambia, "Wachana naye, mamake kamkataa, huyo ni wa paka." Tukaenda. Nilihesabu jozi kumi na moja na viota sita. Dume wa kiota kile alikuwa ameuzwa wiki iliyopita. Jike alikuwa amebaki peke yake na makinda wawili, na alikuwa amekaa juu ya yule mwingine, amekonda, hajatoka kwenda kula. Huyo ndiye mama aliyekuwa akisemwa.

Sasa nijibu hoja, maana zipo, na zingine si za kijinga.

Ya kwanza: ni maumbile, mwachie Mungu kazi yake. Maumbile gani? Njiwa huyu ni mjukuu wa ndege wa majabalini aliyefugwa maelfu ya miaka iliyopita. Jozi ulichagua wewe, banda ulipiga misumari wewe, na mlango unafungwa na wewe. Hata kunguru anayengoja chini si wa maumbile ya hapa. Yule kunguru wa Kihindi, mwenye shingo ya kijivu, aliletwa Zanzibar na watu mwishoni mwa karne ya 19, eti asafishe taka, akaenea pwani yote, na Juni 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) likatangaza mpango wa kuwaangamiza milioni moja. Ua wako ni kazi ya binadamu kutoka bati mpaka kunguru, halafu ikifika zamu ya kinda ghafla unakuwa mtu wa maumbile.

Na ikiwa ni dini, tuzungumze dini. Yule mwanamke wa kwenye hadithi ya paka, iliyomo kwa Bukhari na Muslim, hakuadhibiwa kwa kuwa paka alikufa. Paka hufa kila siku. Aliadhibiwa kwa kuwa alimfungia, asimlishe, wala asimwachie ajitafutie. Kosa liko kwenye kufungia. Kuna nyingine, ya Abu Daud: masahaba wako safarini, wakachukua makinda wawili wa ndege mdogo, mama akaja anapigapiga mabawa juu yao. Mtume (S.A.W.) akauliza ni nani aliyemtia ndege huyo uchungu kwa watoto wake, akaamuru warudishwe. Tazameni swali lile limeelekea wapi. Hakuuliza mama alikuwa wapi makinda wakichukuliwa. Ya serikali nayo ipo, Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, ingawa sijasikia Changamwe nzima mtu akishikwa kwa sababu ya njiwa, na sitegemei.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: watu hawana unga, wewe wakaa walisha ndege kwa sindano. Naielewa. Nimeisikia kutoka kwa mama anayeuza viazi karai, na sikumjibu kwa kelele. Lakini hesabu ni hii: kinda wa wiki moja hula vijiko vichache kwa siku. Chupa ya maji moto haina bei. Ghali ni kuamka na kukumbuka. Tena mwenye banda aliyeniambia njiwa ni hasara ndiye huyo huyo anayejua bei ya jozi mpaka shilingi ya mwisho siku ya kuuza. Mali ikiwa nzima ni yake, ikivunjika bawa ni ya Mungu.

Ya tatu: si wewe wawala? Ndiyo. Supu ya njiwa naijua, na makinda walionona ndio watamu zaidi. Kisu kikali na bismillahi ni jambo moja. Kumwacha mnyama mchana kutwa juani akiliwa na sisimizi akiwa hai ni jambo jingine, na anayechanganya mawili haya anajua anachofanya. Kinda ambaye tumbo limepasuka, au mgongo umevunjika, mimi simlishi sindano ili nijisikie mtu mwema. Namchinja upesi. Ninachokataa ni ile njia ya tatu, ya kugeuza uso.

Lakini upande wa wenye huruma nao una wauaji wake, na lazima niwaseme. Mkate uliolowekwa kwenye maziwa! Ni nani aliyewafundisha watu hili? Ndege hana uwezo wa kumeng'enya sukari iliyomo kwenye maziwa ya ng'ombe. Humletea kuhara, akakauka, akafa, na mtu akalia kwa uchungu wa kweli. Wengine humfungua mdomo wakammiminia maji. Tundu la pumzi la ndege liko pale pale nyuma ya ulimi. Maji yale yanaingia mapafuni. Wengine humlisha akiwa bado baridi, na chakula kinachachia kwenye ule mfuko wa shingoni kwa sababu mwili uliopoa hausagi kitu.

Joto kwanza. Chupa ya maji moto iliyofungwa kwenye leso, ndani ya katoni, ukimweka kando yake asilale juu yake. Akishapata moto, utamwona mwenyewe anainua kichwa. Hapo ndipo chakula: kile cha vifaranga kutoka agroveti kilicholowekwa kwa maji ya vuguvugu na kuchujwa, au pojo zilizochemshwa zikapondwa laini kabisa. Na usimshindilie. Ndege wengine wachanga hupanua mdomo watiliwe, lakini kinda wa njiwa hufanya kinyume, yeye ndiye anayeuingiza mdomo wake ndani ya mdomo wa mzazi na kuvuta. Kata ncha ya bomba pana la sindano, livishe kidole cha glavu chenye mpasuko mdogo, umwache aingize mdomo mwenyewe. Mfuko wa shingoni ukiwa laini kama puto lililojaa nusu, inatosha. Ngoja upungue ndipo umpe tena. Kidonda huoshwa kwa maji yaliyochemshwa yenye chumvi kidogo. Bawa hufungwa likalazwa ubavuni kama linavyokaa lenyewe, bila kubana kifua, kwa sababu ndege hupumua kwa kukitanua kifua chake. Aliyeng'atwa na paka, hata tundu likiwa kama la sindano, ni wa daktari wa mifugo siku ile ile. Meno ya paka yana sumu ya vijidudu na hatafika keshokutwa.

Na iliyo bora kuliko sindano yote ni jozi nyingine. Hapa ndipo ninapotaka wale wa "mamake kamkataa" waje wasimame. Chukua kinda aliyeachwa, mtafute njiwa mwenye kinda mmoja wa umri unaolingana, umtie chini yake jioni giza likiingia. Mara nyingi asubuhi utamkuta amelishwa. Njiwa asiyemzaa, asiyemjua, na dume wake, wanamlea mpaka anaruka akiwa na wiki nne au tano. Wafugaji wa njiwa wa mashindano hufanya hivi kila msimu, tena kwa makusudi.

(Mjue pia tofauti. Tetere au pugi wa mwituni mwenye manyoya kamili anayerukaruka chini ya muembe hakuachwa na mtu. Anajifunza kuruka, na wazazi wako juu wanakutazama wewe. Mwondoe njiani mwa paka uende zako. Kumpeleka nyumbani ukamfuga bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Wanyamapori ya 2013, achilia mbali ubaya wake.)

Yule kinda wa kwenye sweta hakupona. Sikuwa na jozi yenye nafasi wiki ile, kwa hivyo tulimlisha kwa zamu, mimi asubuhi na usiku, mtoto akitoka shule. Siku ya tisa bawa lilikuwa limevimba na kubadilika rangi, daktari wa mifugo akatikisa kichwa, na usiku wake akafa ndani ya katoni, kwenye joto, tumbo halina njaa. Watu wazima walivyomkuta yule mtoto analia kwenye ngazi wakacheka. "Si tulikwambia? Mamake aliona mbali." Mmoja akamwambia mwanamume halii ndege.

Basi huyo nimjibu kwa maandishi, maana siku ile nilinyamaza kwa heshima ya umri wake. Abu Umayr alikuwa mtoto mdogo wa Madina, ndugu wa Anas bin Malik kwa mama. Alikuwa na ndege wake mdogo wa kuchezea, akafa. Mtume (S.A.W.) alipomkuta ana huzuni hakumcheka. Alimwita kwa jina la kikubwa, la heshima, baba fulani, kisha akamuuliza habari za ndege wake. Hadithi hii imo kwa Bukhari na kwa Muslim, na katika karne ya 10 mwanachuoni Ibn al-Qass aliandika kijitabu kizima juu yake, akatoa mafunzo yapatayo 60. Wanavyuoni wamekaa vitako juu ya huzuni ya mtoto kwa ndege, na sisi Mtongwe tunaona ni upuuzi.

Mtoto yule amejifunza mambo mawili kwa wiki moja. Kwangu alijifunza kupima joto la uji kwenye kifundo cha mkono. Kwao alijifunza kwamba aliye dhaifu kuna mtu kamkataa mahali fulani, na kwamba hilo linatosha. Sijui lipi litakaa. Ninajua lipi linarudiwa kila siku.

Ninachodai kwa wafugaji si kikubwa. Kila jozi iwe na vyombo viwili vya kutagia, kwa sababu jike hutaga tena kabla wa kwanza hawajaondoka. Ukimpa kimoja, wewe ndiwe uliyemlazimisha achague. Ubao kati ya jozi na jozi. Bati lizibwe kabla ya Machi. Na dume mwenye makinda hauzwi. Anayeuza auze baada ya wiki tano, na anayenunua aulize.

Nilimwambia hivyo yule mzee mwenye jozi kumi na moja. Akasema nyumba yenyewe ya watu haina vyumba viwili viwili, seuze njiwa. Nikampelekea vyungu vinne. Viwili kaviweka bandani, na viwili mkewe kapandia mrehani.